Kisa cha Chester Himes: riwaya tano, mfuko mtupu, halafu ikaja oda ya kitabu cha upelelezi

Tuanze na hali yenyewe. Mwaka ni 1956, mji ni Paris, na kuna Mmarekani mweusi wa miaka 47 anaitwa Chester Himes ambaye ameshatoa riwaya tano kwao, ya kwanza imetolewa na Doubleday na ya pili na Knopf, yaani majina ya wachapishaji ambayo mwandishi mwingine akiyapata anayatambia mpaka kaburini. Mfukoni hamna kitu. Kodi ya chumba inamsumbua, adivansi (hela ya kutangulizwa kwa mwandishi) anazohangaikia hazitoki, na kwao hakuna anayemuulizia. Miaka miwili tu mbele, 1958, huyohuyo ana Grand Prix de Littérature Policière, tuzo ambayo Wafaransa wanaiheshimu kweli kwenye riwaya za uhalifu, na mhariri anataka kitabu kingine, na kingine.

Kilichotokea hapo katikati ndo kisa chetu. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba Marekani ilimkataa, Ufaransa ikamuokoa, basi. Sio uongo ila imekatwa nusu, na nusu iliyokatwa ndo yenye mambo.

Himes kazaliwa 29 Julai 1909 Jefferson City, jimbo la Missouri, na kwao hawakuwa watu wa shida kama unavyoweza kudhani ukisikia jamaa alifungwa jela. Baba yake alifundisha ufundi kwenye vyuo vya watu weusi kule kusini. Mama yake alikuwa msomi, ngozi nyeupenyeupe, mwenye maringo na ukoo wake, na hilo suala la rangi peke yake lilitosha kuifanya nyumba iwe vita ya kila siku. Halafu likaja la kaka yake Joseph. Joseph alikuwa anafanya onyesho la kemia shuleni, mchanganyiko ukamlipukia usoni, akakimbizwa hospitali ya wazungu, hospitali ikamkataa kwa sababu ya rangi, akapofuka. Chester alitakiwa awe naye pale mbele siku ile ila mama alikuwa kamzuia kama adhabu ya utundu, kwa hiyo alikaa kwenye viti na wengine akaona yote. Ukimsoma ukajiuliza huyu mtu hasira zote hizi katoa wapi, huna haja ya kwenda mbali. (Joseph, kwa taarifa tu, alisoma na upofu wake mpaka akawa profesa wa sosholojia.)

Familia ikahamia Cleveland, Ohio. Chester akapata kibarua hotelini, akaanguka kwenye shimo la lifti akaumia vibaya mgongo, akawa analipwa fidia kila mwezi, na mpaka leo siamini kama ile fidia ilimsaidia, maana kijana wa miaka 17 mwenye hela ya bure na maumivu ya mgongo unajua anaelekea wapi. Akaingia Ohio State University 1926, hakukaa, wakamtimua. Kamari, pombe, kampani mbovu. Mwishoni mwa 1928 akavamia na bastola nyumba ya wazee matajiri, akaondoka na hela na vito, akaja kudakwa Chicago akijaribu kuviuza. Hukumu ilikuwa miaka 20 mpaka 25 na kazi ngumu. Alikuwa na miaka 19.

Jela ya Ohio Penitentiary pale Columbus ndo ilimfanya mwandishi, na sisemi hivyo kwa ule utamu wa kusema shida inamfundisha mtu. Nasema kwa sababu za kawaida kabisa. Alikuwa mcheza kamari mzuri, akawa anaendesha michezo mule ndani, akapata hela ya kununua taipureta, na mfungwa mwenye taipureta anaonekana mtu, hata walinzi wanamwangalia tofauti. Alikuwa anasoma Black Mask, lile jarida la hadithi za uhalifu lililomtoa Dashiell Hammett. Na tarehe 21 Aprili 1930, Jumatatu ya Pasaka, jela ikawaka moto. Jengo lilijengwa kwa watu kama 1,500, ndani walikuwepo karibu 4,300, milango mingine haikufunguliwa kwa wakati, wakafa wafungwa 322. Himes aliona maiti zinapangwa uani. Mwaka 1934 jarida la Esquire, ambalo lilikuwa linawatoa watu kama Hemingway, likachapa hadithi yake kuhusu ule moto, To What Red Hell, na jina lililotumika ni namba yake ya jela, 59623.

Shika hilo la Black Mask, tutalirudia. Alitoka kwa parole, yaani kuachiwa kabla ya muda kwa masharti, Aprili 1936, baada ya miaka saba na nusu, akiwa ameshajua namna ya kuandika uhalifu kutoka pande zote mbili, kama msomaji na kama mhusika. Na hakuandika uhalifu. Kwa miaka 20 iliyofuata hakuandika hata riwaya moja ya upelelezi. Alitaka kuwa mwandishi wa fasihi nzito, kama mwandishi mweusi mwenzake Richard Wright, anayeisema Marekani usoni kuhusu ubaguzi. Mimi simlaumu, wakati ule ndo njia pekee mwandishi mweusi aliyokuwa anaweza kusikilizwa, lakini ilikuwa njia nyembamba kuliko alivyodhani.

Akaenda Los Angeles wakati wa vita. Mwenyewe ameandika kwamba ndani ya miaka mitatu alifanya kazi 23, mbili tu ndo zilikuwa za ufundi, wakati ufundi alikuwa anao. Alifanya kazi kwenye viwanda vya kujenga meli, na humo ndo ikatoka If He Hollers Let Him Go, 1945, riwaya ya msimamizi mweusi wa kiwanda cha meli ambaye kwa siku chache tu anachanganyikiwa na hofu na ubaguzi mpaka maisha yanamwagika. Ni kitabu kizuri, kinauma. Kilisomwa, kiliandikwa magazetini, lakini Himes alilalamika maisha yake yote kwamba Doubleday walikibania. Kama ni kweli au ni mtu mwenye kinyongo, kila msomaji wake ana jibu lake.

Cha pili ndo kilimvunja. Lonely Crusade, 1947, kuhusu mweusi anayeajiriwa na chama cha wafanyakazi. Humo kamgusa kila mtu: wakomunisti, matajiri, viongozi wa vyama, wazungu, weusi wenzake. Matokeo yake wote wakamgeukia. Magazeti ya wakomunisti yalimshambulia, ya watu weusi yalimponda, na James Baldwin, mwandishi mweusi mwenzake, kijana wa miaka 23 tu wakati huo, aliandika mapitio akisema lugha yenyewe haina ladha wala mwendo. Kwa maelezo ya Himes mwenyewe, siku kitabu kinatoka alikuwa apite kwenye maduka makubwa ya New York na redioni kukitangaza, alipofika akaambiwa imefutwa.

Hapa wengi wanasema ubaguzi, wanapita. Ubaguzi upo, nani atabisha. Ila nimekisoma kile kitabu na lazima niseme kinachosha. Wahusika wanakaa wanafikiri kurasa na kurasa, wanajadili siasa, wanajichambua, halafu wanajichambua tena walivyojichambua. Kila wazo la Himes limo, na yote yamewekwa mdomoni mwa watu waliosimama tu. Ukija kufika kwenye ushauri aliopewa Paris miaka tisa baadaye, hii picha ya watu waliosimama wakiwaza ikumbuke.

Mwaka 1948 alipata nafasi Yaddo, ile nyumba ya wasanii jimbo la New York. Aliyekuwa naye humo kipindi hicho ni dada mmoja anaitwa Patricia Highsmith, ambaye alikuwa anahangaika na riwaya yake ya kwanza, Strangers on a Train. Yaani wale wawili walioikoroga riwaya ya uhalifu ya Marekani kuliko karibu wote wa kizazi chao walikuwa nyumba moja, na mmoja anafanya kazi, mwingine anakunywa. Kutoka hapo Himes alikwenda Chicago akatoa hotuba chuo kikuu kuhusu masaibu ya mwandishi mweusi, alipomaliza ukumbi ukawa kimya, hakuna makofi wala swali. Baada ya hapo kwa kama miaka mitano hakuandika cha maana. Alifagia majengo, alibeba mizigo, alilinda nyumba za watu. Riwaya yake ya jela ilizungushwa kwa wachapishaji miaka mingi, ikatoka 1952 kwa jina la Cast the First Stone ikiwa imekatwakatwa na mhusika mkuu akiwa mzungu, na ile yenyewe nzima ilikuja kuchapwa 1998 kwa jina la Yesterday Will Make You Cry, mwenyewe keshakufa miaka 14 iliyopita.

Aprili 1953 akapanda meli kwenda Ufaransa. Wright alikuwa huko, Baldwin alikuwa huko, kulikuwa na mchora katuni Ollie Harrington, na kijiwe chao kilikuwa Café Tournon. Watu wanapenda sana kuchora hiki kipindi kama raha tupu, weusi wa Marekani wamepata uhuru wanakunywa kahawa kando ya barabara. Kwa Himes ilikuwa miaka mitatu mingine ya njaa, tofauti ni kwamba sasa njaa ilikuwa kwa lugha asiyoijua, maana Kifaransa chake kilikuwa kibovu na hakikuja kunyooka kamwe.

Sasa ndo tunafika kwa Marcel Duhamel.

Duhamel alikuwa mwanzilishi wa Série Noire, mfululizo wa riwaya za uhalifu ulioanza 1945 ndani ya Gallimard, nyumba kubwa ya fasihi Ufaransa. Vitabu vyenye jalada jeusi na njano, vingi vikiwa tafsiri za Waingereza na Wamarekani. Na hapa kuna jambo ambalo wasimulizi huliacha: Duhamel hakumwokota Himes barabarani. Alikuwa ameshamtafsiri. If He Hollers ya Kifaransa ilikuwa na mkono wake. Kwa hiyo alipokutana naye ofisini 1956 akamwambia niandikie riwaya ya upelelezi, alikuwa anamjua nje ndani, amemtafuna sentensi kwa sentensi, anajua mazungumzo yake yana nguvu na anajua wapi anapotea.

Himes alimjibu kwamba hajui kuandika hivyo vitu. Na maelekezo aliyopewa kayaeleza kwenye kumbukumbu zake, nayafupisha kwa maneno yangu: anza na tendo, mtu anafungua mlango, kuna maiti sakafuni, anageuka, anaangalia korido. Andika kama sinema, picha baada ya picha. Usituambie mtu anawaza nini, sisi hatujali anawaza nini, tuonyeshe anafanya nini. Maana ya yote itajulikana mwishoni. Nipe kurasa 220 za taipureta. Na juu ya hapo kulikuwa na adivansi ya kama dola 1,000, hela ambayo kwa mtu aliyekuwa anadaiwa kodi ilikuwa ni pumzi.

Mimi naamini ule ushauri una thamani kubwa kuliko ile dola 1,000, na kazi yote ya Himes iligeukia pale. Angalia alichoambiwa aache: ndo kilekile kilichoiua Lonely Crusade. Hakuna aliyemwambia aache hasira wala aache kuandika habari za weusi. Alinyang'anywa hotuba tu. Na alipoinyang'anywa ikabidi hasira itafute pa kutokea, ikatokea kwenye vitendo na kwenye kicheko. Jambo ambalo alikuwa analijua tangu jela, kwenye zile kurasa za Black Mask, ila miaka 20 alikuwa analiona sio hadhi yake.

Alipopeleka kurasa za mwanzo, kama 80 hivi, Duhamel akazipenda halafu akamuuliza, polisi wako wapi? Huwezi kuwa na riwaya ya polisi bila polisi. Himes alikuwa kaandika hadithi ya matapeli watupu. Ndo akawaingiza Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, wapelelezi wawili weusi wa Harlem wenye bastola ndefu za nikeli, ambao walikuja kuwa ndo jina lake lote. Kwa hiyo mashujaa wa mfululizo mzima walizaliwa kama marekebisho ya mhariri. Ukisoma kitabu cha kwanza unaona kabisa, wanachelewa kuingia, na hata wakiingia hadithi sio yao.

Hadithi yenyewe kwa msomaji wa kwetu haihitaji utangulizi. Jamaa mmoja mnyenyekevu anaitwa Jackson, mfanyakazi wa mzishi, mcha Mungu, kapenda mwanamke anaitwa Imabelle. Anaaminishwa kwamba kuna watu wana dawa ya kugeuza noti za dola 10 ziwe za dola 100, unaziviringisha kwenye karatasi ya kemikali, unaweka kwenye oveni. Akaleta dola 1,500 akitegemea 15,000. Nairobi wangekwambia hiyo ni wash wash na wasingeshangaa chochote kilichofuata: oveni inalipuka, matapeli wanatawanyika, anatokea afisa feki wa serikali anamkamata Jackson, Jackson inabidi amhonge, ili amhonge anaiba kwa bosi wake. Pacha wa Jackson, Goldy, anavaa kama sista wa kanisa anauza tiketi za mbinguni mtaani. Unacheka, unageuza ukurasa, mtu anachinjwa. Hapo Himes hakuachii nafasi ya kujiandaa.

Sasa njoo kwenye ile nusu iliyokatwa. Kitabu hiki Marekani walikuwa nacho kwanza. Wachapishaji Fawcett Gold Medal walikitoa 1957 kwa jina la For Love of Imabelle, karatasi laini, bei ya chini, kile cha kuuzwa kwenye vizimba vya maduka ya dawa na stesheni. Kifaransa kilitoka 1958, La Reine des pommes. Yaani Wamarekani walikishika mwaka mmoja kabla, kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila mkalimani katikati, na hawakuona kitu. Maana kitabu cha karatasi laini hakikuwa kinapewa mapitio na magazeti makubwa, kilikuwa kinanunuliwa kinasomwa kwenye treni kinatupwa. Wafaransa walikipokea kikiwa chini ya Gallimard, kikiwa na jina la Duhamel nyuma yake, na mwandishi mkubwa wa Ufaransa kama Jean Giono akakisifia kwa maneno makubwa. Himes yuleyule, Harlem ileile, nchi moja kimewekwa rafu ya takataka na nchi nyingine rafu ya fasihi. Kwa hiyo ukisema Marekani ilimkataa, kwa zile riwaya nzito sawa. Kwa hii ya upelelezi haikumkataa, haikumwona kabisa, na mtu ambaye hajaonwa hata pa kulalamikia hana.

Baada ya hapo akafululiza. The Real Cool Killers, The Crazy Kill, The Big Gold Dream, All Shot Up, zote kwao zimetoka kati ya 1959 na 1960, tena karatasi laini, safari hii Avon. Siwezi kuzipitia zote ila nikupe ladha. The Real Cool Killers inaanza baa, jamaa mdogo anamrukia mzungu na kisu, mwenye kaunta anachukua shoka anamkata mkono, na jamaa anaanza kuutafuta mkono sakafuni kwa sababu ndo umeshika kisu chake. The Crazy Kill, mchungaji anaanguka dirishani ghorofa ya juu anatua kwenye kapu kubwa la mikate, anaamka mzima, halafu muda mfupi baadaye kwenye kapu hilohilo kuna maiti. All Shot Up ndo ina ile iliyotukuka: mtu anakimbizwa akiwa kwenye pikipiki, mbele kuna lori limebeba mabati ya chuma, bati linamkata kichwa, na mwili unaendelea kuendesha pikipiki, damu inaruka, mpaka unaingia kwenye duka la vito ambalo kibao chake kinasema wanakopesha hata wafu.

Ni vichekesho, sio? Lakini angalia kile kibao. Riwaya ya mwaka 1947 ingetumia sura nzima kueleza jinsi wafanyabiashara wanavyowanyonya weusi kwa mikopo ya bidhaa. Hapa ni maneno ya kibao kimoja, na maiti isiyo na kichwa imeyagonga. Hasira haijapungua hata chembe.

Kuna wanaosema Harlem yake sio ya kweli, imezidishwa. Ni kweli na mwenyewe alikiri, hakuwa mtu wa Harlem kihivyo, aliishi pale vipindi vifupi, na aliandika akiwa Ufaransa kwa kumbukumbu na kwa stori za Wamarekani wenzake vijiweni. Wengine wanalitumia hilo kumshusha. Mi naona limemsaidia, maana mtu aliyekaa mtaani kila siku anaogopa kukosea jina la kona, wakati Himes alikuwa anajenga mji wake mwenyewe wenye joto la kuua na baridi ya kuua, kila mtu anamtapeli mwenzake. Kinachonisumbua zaidi ni wale wapelelezi wenyewe. Wanapiga washukiwa, wanapiga mpaka mtu hatamaniki, na mwandishi anataka tuwapende. Coffin Ed alimwagiwa asidi usoni kwenye kitabu cha kwanza na baada ya hapo akikasirika hashikiki. Himes mwenyewe aliwahi kuteswa na polisi Chicago mpaka akakiri, kwa hiyo alijua anachoandika. Kwamba kawapa mashujaa wake tabia za waliomtesa, hapo mimi sina jibu safi, na sidhani kama yeye alikuwa nalo.

Na mwanzoni alizidharau kweli. Aliziona ni kazi za kulipia kodi, huku kitabu chake halisi akiwa anakiandikia pembeni. Alilalamika kuhusu hela mpaka mwisho, kwamba wachapishaji wa pande zote mbili za bahari wanamlamba. Ila taratibu unamwona anabadilika, na kinachoonyesha ni Cotton Comes to Harlem, iliyotoka kwa Kifaransa 1964 kama Retour en Afrique na kwao 1965. Hapa kuna mchungaji tapeli, Deke O'Malley, anawauzia watu wa Harlem safari ya kurudi Afrika, dola 1,000 kwa familia, familia 87, jumla dola 87,000, halafu zinaibwa. Kila Mmarekani mweusi aliyesoma alijua anagusa nini, maana Marcus Garvey, aliyehubiri weusi warudi Afrika, na meli zake za Black Star Line walikuwa ni kumbukumbu ya wazazi wao. Upande wa pili kuna kanali mzungu kutoka kusini anafungua ofisi Harlem ya kuwarudisha weusi wakavune pamba. Pesa zilikuwa zimefichwa kwenye robota la pamba, na aliyezipata ni mzee muokota makopo, Uncle Bud, ambaye wakati wapelelezi wanazisaka yeye yuko Dakar, kanunua ng'ombe anataka kuoa wake wengi. Ndo mtu pekee kwenye kitabu kizima aliyefika Afrika, na kafika kwa hela za wizi. Himes hakuwa anacheka ile ndoto ya kurudi, ukisoma unaona anaionea huruma. Anawacheka wanaoiuza.

Hicho ndo kikamrudisha kwao. Mwaka 1970 Ossie Davis akaitengenezea filamu, Godfrey Cambridge na Raymond St. Jacques wakicheza wapelelezi, ikaingiza hela nzuri, na ikawa moja ya zile zilizofungua mlango wa filamu za weusi za miaka ya 70. Ikafuata Come Back, Charleston Blue 1972. Walter Mosley na waandishi wengine weusi wa riwaya za upelelezi waliokuja baadaye walipata barabara imeshasafishwa. Himes wakati huo alikuwa keshapigwa stroku, ya kwanza ilimkuta Mexico 1963, na alikuwa anahamia Moraira, Hispania, na Lesley ambaye alikuja kuwa mke wake. Marekani hakurudi kuishi tena.

Lakini wakati filamu inatoka yeye alikuwa ameshachoka na riwaya ya upelelezi kwa namna ambayo mashabiki hawakuitegemea. Blind Man with a Pistol, 1969, aliivunja fomula aliyopewa na Duhamel mbele ya macho yetu. Kuna mauaji, hayatatuliwi. Kuna vurugu mitaani, wapelelezi wanaambiwa watafute aliyezianzisha huku wakubwa wao hawataki apatikane. Maandamano matatu yanagongana. Mwishoni wale wababe wetu wawili wanasimama kwenye jengo linalobomolewa wanapiga risasi panya. Na kipofu, ndiyo kipofu, anafyatua bastola ndani ya treni. Kumbuka ile sheria kwamba maana itakuja mwishoni. Safari hii mwisho umefika na maana haikuja, na ni makusudi kabisa, kwa sababu kwa Himes wa 1969, baada ya miji ya Marekani kuungua kwenye ghasia za miaka ya 60, mpelelezi anayekamata muuaji mmoja halafu mambo yakawa shwari ulikuwa ni uongo.

Akajaribu kwenda mbali zaidi na Plan B, mapinduzi ya weusi yenye damu, na humo Grave Digger anampiga risasi Coffin Ed, rafiki yake wa maisha, halafu naye anauawa. Hakuimaliza. Ilitoka Ufaransa 1983, yeye akafa Moraira 12 Novemba 1984, na Wamarekani wakaisoma 1993. Hata hapo Wafaransa walitangulia miaka 10.

Kama unataka kumsoma, mpangilio wa miaka ya Marekani utakuchanganya kwa sababu The Heat's On kwa Kifaransa ni 1961 na kwao ni 1966, kwa hiyo fuata ya Kifaransa. Anza na kile cha kwanza, ambacho siku hizi kinauzwa kwa jina la A Rage in Harlem, ruka Lonely Crusade mpaka utakapokuwa umempenda kiasi cha kumvumilia, na Blind Man usiiguse kabla hujasoma angalau tatu za mwanzo, maana utakiona kitabu kilichovunjika bila kujua alikuwa anavunja nini.